Jina Halilazwi Chini

Mungaa iko mbali na bahari. Ni nchi ya Wanyaturu, wilayani Ikungi katika mkoa wa Singida, penye majabali, uwele na mashamba ya alizeti, na mtu wa huko aweza kuzeeka asilione jahazi. Lakini kipo kitu kimoja cha pwani kilichomfikia bila ya yeye kukiendea, nacho ni lugha. Mtoto wa Mungaa husema Kinyaturu na mama yake, kisha darasani hukutana na Kiswahili sanifu, na hicho Kiswahili sanifu msingi wake ni Kiunguja, lahaja iliyoteuliwa na mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Akijaaliwa kusoma zaidi humkuta Shafi Adam Shafi na Vuta n'kuvute yake. Humkuta Haji Gora Haji wa Tumbatu na diwani yake ya Kimbunga. Vitabu hivyo vimesomeshwa bara kwa miaka. Kwa hiyo mtu wa Mungaa huijua mitaa ya Unguja kabla mguu wake haujaigusa.

Achukuliwe basi, kwa mfano tu, mwalimu wa Kiswahili wa Mungaa aliyedunduliza mshahara wake ili aione mitaa hiyo kwa macho. Basi hadi Dodoma, treni hadi Dar es Salaam, boti hadi Malindi. Anashuka gatini. Hiyo ndiyo bandari ambayo makuli wake waligoma mwaka 1948, na katika mgomo huo Shafi aliichota riwaya ya Kuli, iliyotoka mwaka 1979. Mwalimu ameisoma, pengine ameisomesha. Hapo gatini hapana jiwe, hapana kibao, wala hapana mtu wa kumtajia. Wanamjia papasi wawili watatu wakimsemesha Kiingereza; wakitambua kuwa ni Mtanzania mwenzao wa bara wanamwacha, maana hana faida. Mwishowe anampata mwongozaji mwenye kitambulisho shingoni, wanapatana bei, na matembezi ya Mji Mkongwe yanaanza.

Kila aliyewahi kukaa barazani akiyatazama makundi hayo yakipita anaijua njia yao. Bustani ya Forodhani, Ngome Kongwe, Bait al-Ajaib ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 ikaua watu wawili, kanisa la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, milango ya nakshi yenye njumu za shaba, nyumba ya Tippu Tip. Kwenye nyumba hiyo mgeni huambiwa habari za pembe na watumwa, na ni haki aambiwe. Asiloambiwa ni kwamba mwenye nyumba, Hamed bin Muhammed, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, kitabu kizima, na kwamba misafara yake ilipita Ugogo kwenda Tabora, kusini tu ya nchi anayotoka huyo mwalimu. Hapo palikuwa na kamba ya kuufunga Mungaa na Shangani pamoja, kamba chungu lakini ya kweli. Haifungwi. Kundi linahimizwa, kwani mbele ya safari kuna mlango unaongojewa.

Mlango wenyewe uko Barabara ya Kenyatta, Shangani. Hapo kundi husimama kuliko lilivyosimama popote. Simu hutolewa mifukoni, watu hupangana, mmoja hujifanya ameshika kipaza sauti. Hapa, anaambiwa mwalimu, ndipo alipoishi Freddie Mercury.

Na apewe haki yake Freddie Mercury, kwani ugomvi wa makala hii si naye. Jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Bomi na Jer, Waparsi waliotoka India. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya Kiingereza. Akiwa bado mdogo alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akarudi mwaka 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi ya Januari, familia yote ikahamia Uingereza, katika mji wa Feltham karibu na London. Huko ndiko kijana huyo alikokuja kuwa sauti ya kundi la Queen, na London ndiko alikofia tarehe 24 Novemba 1991. Sauti yake ilikuwa kubwa. Mwenye masikio hatabisha. Ni mtoto wa mji huu kama walivyo watoto wengine wa mji huu.

Waliosimama mwaka 2006, pale palipopangwa sherehe ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake, wakataka isifanywe kwa sababu ya mwenendo wa maisha yake, walikosea. Mji wa bandari haumhukumu marehemu mlangoni kwake. Unguja imewazika watu wa kila namna na kila dini ikawasitiri. Lakini kosa la wale waliotaka kumfuta halikuondoshwa na wale waliokuja kumtundika. Baada ya filamu ya mwaka 2018 wageni waliongezeka, na Novemba 2019 pakafunguliwa hapo Shangani jumba la makumbusho yake. Zaidi ya nyumba moja imekuwa ikitajwa kuwa ndiyo aliyokaa, maana familia ilihama kutoka nyumba hadi nyumba, na kila nyumba iliyotajwa ilipata faida yake kidogo.

Kinachouzwa hapo ni nini, hasa? Nyimbo alizoziimba hazikutungwa hapo, hazikuimbwa hapo, wala hakuacha wimbo ulioitaja Unguja. Kinachouzwa ni kusimama mahali aliposimama mtu mashuhuri. Na habari ambayo mlango huo peke yake ndio wenye haki ya kuisimulia, haisimuliwi: kwamba palikuwapo hapa Waparsi, watu wachache, makarani na wahasibu, wenye hekalu lao na desturi zao, na kwamba leo waliobaki ni wa kuhesabika kwa vidole. Kwa nini waliondoka? Waliondoka na nini? Nani aliingia katika vyumba vyao? Maswali hayo ni mazito kwa mji huu hadi leo, na ndiyo maana mwongozaji huyavuka kwa sentensi moja, kwamba familia ikahamia Uingereza, kisha anauliza nani anataka kupigwa picha. Umashuhuri wa mtoto umekuwa pazia la kufunikia kuondoka kwa jamaa zake.

Tabia hii ya kumwandama mtu maarufu kwa miguu haikuzaliwa Unguja, na inafaa itazamwe inakotoka. Hollywood, Marekani, ziko njia za waendao kwa miguu ambazo tangu mwaka 1960 zimetiwa nyota za rangi ya waridi zenye kingo za shaba, na katika kila nyota jina la mwigizaji au mwimbaji. Leo zimezidi 2,700, nazo zinakwenda zaidi ya kilomita mbili. Wageni huongozwa na mtembezaji, vichwa wameinamisha, wakitafuta jina wanalolijua. Wasilolijua hulikanyaga wakapita. Na nyota haiteremki bure kutoka mbinguni: aliyeteuliwa hana budi kulipiwa, na katika miaka hii malipo yamepindukia dola za Marekani 50,000. Mara nyingi mlipaji ni kampuni ya filamu au ya muziki, na nyota huzinduliwa kwa bahati njema katika wiki ileile filamu mpya inapotoka.

Mwaka 2002 alitakiwa Muhammad Ali, bondia, naye atiwe nyota yake. Akasema jina analoitwa ni jina la Mtume, hakubali likanyagwe. Wakatafuta la kufanya, wakaitundika nyota yake ukutani, katika jumba la maonyesho lililokuwa likiitwa Kodak Theatre. Katika nyota zote hizo ni hiyo moja tu iliyo ukutani. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Hapa kwetu kipande cha karatasi chenye jina tukufu kikianguka njiani mtu huinama akakiokota, akakitia penye tundu la ukuta. Mwaka huohuo kundi la Queen nalo lilipewa nyota Hollywood, hiyo ikalazwa chini kama nyingine. Na Feltham, walikohamia akina Bulsara, mwaka 2009 walimwekea Freddie nyota ya jiwe ardhini kwa kuigiza Hollywood. Mama yake mzazi alikuwapo kuifunua. Mvua na baridi ya Uingereza ikaila, na mwaka 2011 ikaondolewa. Mwaka 2016 kikawekwa kibao cha buluu kwenye ukuta wa nyumba waliyokaa. Hata Waingereza, basi, walitoka sakafuni wakapanda ukutani.

Yote haya yanatajwa kwa sababu husikika siku hizi, na kwa watu wenye nia safi, rai ya kwamba dawa ya mlango wa Shangani ni kuwaiga Hollywood kwa watu wetu wenyewe: watiwe nyota akina Siti binti Saad na Bi Kidude katika sakafu ya Forodhani, mgeni awaone. Rai hii inavutia na ina hatari kuliko ile ya kwanza. Freddie ana santuri milioni duniani. Jina lake likilazwa chini, sauti yake iko juu. Siti akilazwa chini amelala kweli.

Maana Siti ni nani mbele ya mgeni asiyemsikia? Herufi kumi na tatu. Mwanamke huyu alizaliwa Fumba kiasi cha mwaka 1880 akaitwa Mtumwa, kwa kuwa wazazi wake walikuwa watumwa, alifinyanga vyungu na kuvitembeza mjini, hakujua kusoma. Mwaka 1928, mwaka uleule ambao wakubwa walikaa Mombasa kuamua kuwa lugha ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili cha shule, Siti na wenzake walikwenda Bombay kurekodiwa. Hapana ubaya kuyatia mambo hayo mawili kwenye mizani. Mkutano uliipeleka lugha hii kwa amri na vitabu. Siti aliipeleka kwa santuri, katika mabaraza ya kahawa ya Afrika Mashariki, akiifanya itamanike. Na hakuimba mapenzi tu. Katika wimbo wa Kijiti alisimulia kuuawa kwa mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, jinsi muuaji alivyokimbia kisiwa na jinsi sheria ilivyowageukia wanawake waliotoa ushahidi. Hukumu ilikuwa ya Kiingereza, rufaa ikakatwa kwa taarabu. Shaaban Robert wa Tanga, aliyeona vema, aliandika wasifu wake, na wasifu huo ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya Kiswahili kumtukuza mwanamke wa kawaida kwa jina lake.

Mwanamke huyo anataka nyota ya shaba, avukwe na viatu vya watu wanaokwenda kununua pweza wa Forodhani usiku? Jina la msanii wa Kiswahili halikuwekwa hivyo tangu asili. Mtunzi wa shairi alijua pa kuliweka jina lake: katika ubeti wa mwisho, kwenye kaditama, baada ya kusema alilokuwa nalo. Hulipati jina mpaka upite kwenye kazi. Msikilizaji mvivu aliyeondoka katikati hakumjua mtunzi, na hakustahili kumjua. Huo ndio utaratibu ambao nyota ya sakafuni huupindua: hutoa jina kwanza, jina peke yake, na kazi haifuati.

Yuko mtu mwingine wa kupimia jambo hili. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, miaka miwili tu nyuma ya Farrokh, naye akaondoka katika miaka ya 1960 kwa upepo uleule wa baada ya Mapinduzi, akaenda Uingereza ileile. Tofauti yao ni kwamba huyu hakuacha kuurudia mji kwa kalamu. Riwaya baada ya riwaya, huyo huyo aliyeondoka, nyumba hiyo hiyo iliyobaki nyuma. Mwaka 2021 alipewa tuzo ya Nobel, na mwaka 2022 Paradise yake ikatoka kwa Kiswahili ikiitwa Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Mtu atadhani kwamba siku ya pili yake mitaa ya Malindi ilijaa makundi yenye kitabu mkononi. Haikuwa. Kitabu hakipigwi picha, na kukisoma kunataka siku nyingi kuliko matembezi ya saa mbili.

Asilaumiwe mwongozaji. Yeye anatafuta riziki juani. Mgeni amemuuliza nyumba ya Freddie Mercury kabla hajamuuliza jina lake, na bakshishi hutoka kwa aliyefurahi. Wengi wao wanajua mengi kuliko wanayoyasema, na akipatikana mgeni wa Kiswahili mwenye subira husema kwa kumung'unya kwanza, kisha kama chemchemi. Lawama ni ya wenye mamlaka ya utalii na utamaduni wanaojua kupima matembezi kwa idadi ya vichwa na fedha za kigeni tu, na ambao kwao mgeni ni yule aliyekuja kwa ndege. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tangu hapo mawe yake yamezungumziwa sana: chokaa, boriti, milango, paa. Vema, yazungumziwe, yanaanguka. Lakini maneno ya mji huu nayo ni jengo, na ndilo jengo pekee ambalo mwalimu wa Mungaa anaishi ndani yake. Yeye ndiye mgeni aliyekuja akiwa tayari na nusu ya mji kichwani. Ndiye ambaye njia nzima haikumwandalia neno.

Na fedha yake, itasemwa, ni kidogo. Ni kweli, ni kidogo. Lakini huyu atarudi darasani, na nyuma yake kuna wanafunzi arobaini, na mwaka ujao arobaini wengine. Wala hataki bwawa la kuogelea. Akirudi na picha ya mlango wa mwimbaji wa Kiingereza atawaonyesha hiyo, na watoto watauliza huyu ni nani, na atawaambia alivyoambiwa. Siku ya pili watafungua Vuta n'kuvute kama walivyoifungua juzi, kitabu cha mtihani kuhusu mji ambao mwalimu wao amefika na hakuuona.

Hapatakiwi fedha nyingi kuandaa matembezi mengine. Yaanzie gatini Malindi, na ukurasa mmoja wa Kuli usomwe kwa sauti, pana kelele za winchi za kutosha kuusindikiza. Yapite nyumba ya Tippu Tip, asomwe mwenyewe kwa maneno yake mwenyewe, kwa ubaya na uzuri wake. Yafike mlango wa Barabara ya Kenyatta bila ya kuuruka, ila mwongozaji aseme Farrokh, aseme Waparsi, aseme 1964, kisha anyamaze kidogo kabla ya picha. Mwongozaji afundishwe, na katika mtihani wa leseni yake aulizwe, mashairi mawili ya Haji Gora kwa moyo. Si jambo la kumshinda: Haji Gora mwenyewe, aliyefariki mwaka 2021, alikuwa mvuvi na mchukuzi, mtu wa jasho, na tungo zake zimeumbwa kwa kinywa kabla ya karatasi. Atakayesema kwamba wageni wa mbali hawatafahamu Kiswahili, akumbuke kuwa watu wa Ulaya walimpa Bi Kidude tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na wengi wao hawakufahamu neno alilolisema.

Na matembezi yasiishie Darajani. Siku hizi hapo ndipo makundi hugeuka, kwenye soko, baada ya kupigwa picha vikapu vya karafuu na iliki. Zamani palikuwa na mkono wa bahari, na daraja, na upande wa pili ukaitwa Ng'ambo. Maji yalifukiwa siku nyingi, ila kwa mtalii bado yako palepale. Siti alikaa huko Ng'ambo, na usiku watu wa mjini walivuka kumfuata. Kutoka mlango wa Shangani hadi huko ni mwendo usiotimia nusu saa, na mwenye kutaka kahawa atapitia Jaws Corner, njia panda ambayo vijana wa mtaa waliipa jina la filamu ya papa, kwa hiari yao, bila ya kulipiwa na kampuni yoyote.